Treni za Isle of Wight: tudai mpya kabisa, au tudai kitu kingine?

Swali: "Ninaishi Sandown, Isle of Wight, kisiwa kilicho kusini mwa Uingereza, na siku nyingi za kazi hupanda treni hadi Ryde Pier Head, stesheni iliyo mwishoni mwa gati, kuwahi boti ya kwenda Portsmouth. Tulipoambiwa kwamba treni za mwaka 1938 zinaondolewa, tulishukuru. Baadaye nikagundua kuwa hizi tulizoletewa nazo ni mabehewa ya London yaliyoundwa kabla sijazaliwa, na kwamba kampuni iliyoyakarabati ilikwisha kufilisika. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu na hupanda pamoja nami mwisho wa juma. Je, tumepewa mabaki? Je, mabehewa ya umri huo ni salama kwenye gati linalopigwa na maji ya chumvi kila siku? Majirani wanazungusha karatasi ya kukusanya saini ili kudai treni mpya kabisa. Niitie saini?"

Ndugu msomaji, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu, na kila moja lina jibu lake. Unauliza kama kisiwa kimedharauliwa, unauliza kama mama yako yuko salama, na unauliza kama reli hiyo ina kesho ya kutegemewa. Nikujibu kwanza kwa kifupi: umri wa mabehewa peke yake haukuweki hatarini, hoja ya kudharauliwa ina ukweli ndani yake lakini imeelekezwa pasipo, na hofu yako kuhusu kampuni iliyofilisika ndiyo yenye uzito kuliko zote, ingawa umeitaja kama jambo la kupita tu.

Watu wengi wanaamini kwamba zamani kisiwa kilikuwa na treni zake mpya za umeme, kisha kikaanza kupewa vilivyotumika. Haikuwa hivyo. Treni za mvuke zilikoma kubeba abiria mwishoni mwa mwaka 1966, na njia iliyobaki, kutoka Ryde Pier Head hadi Shanklin, ikawekewa umeme na kufunguliwa tena Machi 1967. Mabehewa yaliyoletwa wakati huo yalikuwa ya reli ya chini ya ardhi ya London, na mengi yalikuwa na umri wa takriban miaka 40. Mwaka 1989 yalianza kupokewa na mabehewa mengine ya London, yale ya 1938, ambayo tayari yalikuwa yamekwisha kutimiza miaka 50 hivi. Hayo yaliendelea hadi tarehe 3 Januari 2021, yakiwa yamepita miaka 80. Haya ya sasa yaliundwa na kiwanda cha Metro-Cammell cha Birmingham kati ya 1978 na 1981, yakatumika kwenye njia ya District, mojawapo ya njia za reli ya chini ya ardhi ya London, hadi Aprili 2017, na yakaanza kazi kisiwani tarehe 1 Novemba 2021. Kwa hiyo yalifika yakiwa na umri wa takriban miaka 40, kama yale ya 1967. Ndiyo maana ninasema hoja ya kudharauliwa ina ukweli: katika zaidi ya nusu karne ya umeme, reli hiyo haijawahi hata mara moja kupata treni iliyoundwa kwa ajili yake.

Lakini sababu ya kwanza ya mtindo huo ni handaki la Ryde, na dharau haikuwa chanzo chake. Handaki hilo liko baina ya stesheni za Ryde Esplanade na Ryde St Johns Road, karibu sana na usawa wa bahari, na tangu zamani limekuwa likiingiwa na maji. Wakati wa kuandaa njia kwa ajili ya umeme, wahandisi waliinua kitako cha reli ili kupunguza mafuriko. Kila sentimita waliyoinua chini ilipunguza nafasi ya juu. Treni ya kawaida ya Uingereza ina kimo cha karibu mita 3.8, na haikuweza tena kupita kwa usalama. Behewa la 1938, lililoumbwa kwa mahandaki membamba ya London, lina kimo cha takriban mita 2.9 tu. Mabehewa ya sasa yako katikati, kwa kuwa yanafikia kama mita 3.6. Ni marefu kwa kimo kuliko yale yaliyotangulia, jambo ambalo naamini unalihisi kila unaposimama ndani bila kuinamisha kichwa karibu na mlango, lakini bado ni mafupi kuliko treni ya kawaida. Kimo hicho, pamoja na marekebisho yaliyofanywa njiani, ndicho kilichoyapa nafasi. Anayedai treni mpya kutoka kwenye orodha ya kiwanda chochote anapaswa kujua kwamba hakuna iliyokaa dukani ikisubiri yenye vipimo hivyo. Ingebidi isanifiwe.

Sasa nije kwenye usalama, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu ni lazima tuachane na mazoea ya kuipa treni umri mmoja. Behewa ni mkusanyiko wa vitu vinavyozeeka kwa kasi tofauti: bodi, fremu ya magurudumu, mota, vidhibiti vya umeme, breki, milango, nyaya, viti. Jahazi lenye mkuku mzima hubadilishwa tanga na kamba likaendelea kusafiri, ilhali lililooza mkuku haliokolewi na tanga jipya. Mkuku wa behewa ni bodi, na hapo ndipo tofauti kubwa kati ya treni zilizoondoka na zilizokuja inapopatikana. Bodi za 1938 zilikuwa za chuma, na chuma kilichokaa miongo mitatu kwenye hewa ya bahari hushikwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo rangi haifiki. Bodi za sasa ni za aluminiamu, ambayo hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba unaozuia kutu ya namna ile. Fremu za magurudumu, ambazo mafundi huziita bogi, nazo si za 1978. Zile za awali zilipata nyufa zikiwa bado London, na zote zilibadilishwa kwa mpya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hivyo sehemu inayobeba uzito wote, inayopigwa na kila kiungo cha reli, ina umri wa karibu nusu ya bodi iliyo juu yake.

Chumvi, hata hivyo, haimhurumii mtu kwa sababu amenunua aluminiamu. Gati la Ryde linaingia baharini kwa zaidi ya nusu kilomita, na siku ya upepo matone ya bahari hufika hadi chini ya mabehewa. Tazama mahali ambapo bolti ya chuma imepita kwenye bamba la aluminiamu. Metali hizo mbili zikigusana na kulowa maji ya chumvi, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake, na aluminiamu ndiyo inayoliwa polepole kulizunguka tundu la bolti. Fundi hulitambua tatizo kwa unga mweupe unaotokeza kando ya kichwa cha bolti na kwa rangi iliyovimba kama ngozi yenye lengelenge. Dawa yake inajulikana: kuosha mara kwa mara kwa maji matamu, kutenganisha metali hizo kwa kipande kisichopitisha umeme, kuziba ukingo, na kufungua mara kwa mara ili kutazama ndani badala ya kuridhika na kuona nje. Hii ni kazi ya karakana, inafanyika Ryde St Johns Road, na ubora wake unategemea mafundi kupewa muda na vifaa. Ukitaka kujua kama treni ni salama, mwaka uliobandikwa kwenye bamba la kiwanda hautakusaidia sana. La maana ni kujua bolti zile zilifunguliwa lini mara ya mwisho.

Chini ya sakafu kuna jambo jingine ambalo abiria hawalioni. Njia hiyo hupata umeme kutoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa kando, yenye mkondo mnyoofu (umeme unaokwenda upande mmoja tu) wa zaidi ya volti 600. Treni ya 1938 ilianza mwendo kwa kupitisha umeme huo kwenye vikinza, yaani vifaa vinavyozuia sehemu ya umeme, ambavyo huondolewa kimoja baada ya kingine kwa swichi za kimakanika kadiri mwendo unavyoongezeka. Mruko uliouhisi treni ikiondoka stesheni ulitokana na swichi hizo. Nguvu nyingi iliishia kuwa joto tu, na kila swichi ilikuwa na ncha za shaba zilizoungua na kuhitaji kusuguliwa au kubadilishwa. Miaka ya mwisho, vipuri vya mitambo hiyo vilipatikana kwa kung'oa kutoka treni nyingine zilizokwisha kuegeshwa, na kuna siku ambazo kupata treni mbili tu za kutosheleza ratiba kulikuwa shida. Mabehewa ya sasa yamewekewa mota mpya za mkondo geu (umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde) na vidhibiti vya kielektroniki, ndiyo maana yanaondoka taratibu bila kuruka. Faida hiyo ina gharama yake: mitambo ya kielektroniki inategemea programu, na matatizo ya programu yalikuwa miongoni mwa sababu zilizochelewesha ufunguzi kutoka machipuko ya 2021 hadi Novemba. Swichi ya zamani fundi mzoefu aliweza kuisugua kwa msasa na kuirudisha. Programu haisuguliwi, inahitaji mtu mwenye haki na ujuzi wa kuifungua.

Je, hawakuweza kununua mpya? Waliweza, kama mlipaji angekubali bei. Gharama kubwa ya treni ya vipimo vya pekee hutokana na usanifu, majaribio na idhini, na gharama hizo hazipungui eti kwa sababu umeagiza treni chache. Ukiagiza 50, gharama hiyo hugawanywa kwa 50. Kisiwa kilihitaji tano, kila moja ya mabehewa mawili. Mfano wa haki ni reli ya chini ya ardhi ya Glasgow, ambayo nayo ni ndogo na ina vipimo visivyofanana na vya mahali pengine. Iliagiza treni 17 mpya kutoka kiwanda cha Stadler kwa mkataba wa 2016, na za kwanza zilibeba abiria Desemba 2023. Sisemi hivyo kukuvunja moyo. Glasgow ilipata treni zilizoumbwa kwa ajili yake, na wanaostahili hivyo ni wengi. Lakini mwaka 2019, uamuzi wa kisiwa ulipotangazwa, treni za 1938 zisingeweza kungoja miaka mingine saba. Kuzisubirisha kungemaanisha njia kufungwa, na njia ndogo ikifungwa kwa miaka ni shida sana kufunguliwa tena. Kisiwa hicho kina kumbukumbu chungu ya jambo hilo: kipande cha kutoka Shanklin hadi Ventnor kilifungwa mwaka 1966 na hakikurudi.

Kulikuwa pia na wazo la kuigeuza njia kuwa ya tramu, lililopendekezwa katika ripoti ya mwaka 2016 iliyoandaliwa na Christopher Garnett kwa ajili ya baraza la kisiwa. Wazo hilo halikuwa la kijinga. Tramu ni nyepesi, haiuchoshi muundo wa gati, na inaweza kusimama mahali pengi zaidi. Kasoro yake ni kwamba ingelazimu kubadilisha mfumo mzima kwa pamoja, kuanzia umeme hadi majukwaa na karakana, na ukianza kubadilisha kila kitu kwa pamoja kwenye njia isiyofika kilomita 14, mlipaji huuliza kama basi halitoshi. Binafsi naona uamuzi wa 2019 ulikuwa sahihi kwa hali ya wakati ule, ingawa si uamuzi wa milele.

Tena, kifurushi kilichotangazwa mwaka 2019, cha pauni milioni 26, hakikuwa cha treni peke yake. Njia ilikarabatiwa, majukwaa yakarekebishwa, na njia ya kupishana ya stesheni ya Brading ikarudishwa. Hili la Brading naliona ni muhimu kuliko viti vipya na intaneti ya ndani ya behewa. Kwenye reli moja, treni mbili zinazokutana uso kwa uso hupishana tu mahali palipo na reli ya pili, na kabla ya hapo sehemu za kupishana zilizokuwepo zilikaa vibaya kiasi kwamba ratiba ililazimika kuwa ya dakika 20 kisha 40, kwa zamu. Boti haikufuata mpangilio huo, na abiria ndio walioachwa gatini wakitazama boti ikiondoka. Njia ya Brading ndiyo iliyowezesha treni kupita kila nusu saa kwa usawa. Gati lenyewe nalo lilifungwa kwa reli kuanzia Oktoba 2022 hadi majira ya joto ya 2023 ili vyuma vyake vikarabatiwe. Kwa hiyo ukisema umepewa mabaki, nitakubali kwa upande wa bodi za mabehewa. Kwa upande wa reli unayopita juu yake, sikubali.

Kwa mama yako mabadiliko hayo yana maana ya moja kwa moja. Mabehewa ya 1938 yalikuwa na sakafu iliyoachana na usawa wa majukwaa, na hayakuundwa kwa kumfikiria mtu wa kiti cha magurudumu. Ya sasa yana nafasi maalumu ya kiti hicho, na majukwaa yalirekebishwa ili sakafu na ukingo wake vikaribiane. Hata hivyo, kukaribiana hakufanani katika kila stesheni wala kila mlango, kwa kuwa jukwaa lililopinda huacha mwanya mpana katikati au miishoni. Usijaribu kumvusha kwa nguvu zako peke yako ukiona mwanya unaokutia shaka. Mfanyakazi wa treni ana njia ya kumpandisha kwa usalama, na ni kazi yake.

Nirudi sasa kwenye lile ulilolitaja kwa kupita. Vivarail, kampuni iliyoyageuza mabehewa hayo, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Desemba 2022, takriban mwaka mmoja tu baada ya treni kuanza kazi. Treni haikusimama siku hiyo, wala haikuwa hatari zaidi kesho yake, kwa sababu matengenezo ya kila siku hufanywa na mafundi wa kisiwani. Kilichopotea ni mtu wa kumpigia simu. Kundi la treni tano lina ugumu wake: moja ikiwa karakanani kwa ukaguzi mkubwa na nyingine ikipata hitilafu, kilichobaki ni kidogo, na hakuna reli ya jirani ya kuazima, kwa kuwa bahari iko kati. Treni za 1938 hazikushindwa kwa siku moja. Zilishindwa kipuri baada ya kipuri, hadi karakana ikawa inakula treni moja ili kulisha nyingine. Hizi nazo zinaweza kufikia hapo, na safari hii kinachoweza kukosekana mapema ni kadi ya kielektroniki yenye ukubwa wa kitabu.

Ndiyo sababu, kuhusu ile karatasi ya majirani, mimi nisingeitia saini kama ilivyo. Sentensi inayodai treni mpya kabisa sasa hivi inampa waziri nafasi rahisi ya kukataa kwa kutaja idadi ya abiria na bei, na mjadala unaishia hapo. Waombe majirani waiandike upya, ielekezwe kwa South Western Railway, ambayo tangu Mei 2025 imekuwa mali ya umma, pamoja na Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza. Iulize nani leo anashikilia michoro na programu za mabehewa hayo, na kama haki ya kuzirekebisha iko mikononi mwa mwendeshaji. Idai akiba ya vipuri vya vidhibiti iwekwe kisiwani kabla havijaadimika, na ratiba ya ukaguzi wa kutu itangazwe pamoja na fedha zake. Halafu, na hili ndilo ningelipigania zaidi, idai usanifu wa treni zitakazofuata uanze sasa, wakati hizi bado zinatembea vizuri, ili safari ijayo kisiwa kisichague tena kwa kukosa muda. Hapo dai la treni mpya litakuwa na miguu, na saini yako itakuwa imekwenda mahali panapostahili.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyapima nikiwa mbali, na hayafai kusubiri barua. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua chini ya sakafu, ukaona mlango usiofunga sawasawa, au ukasikia mgongano mpya wa chuma unaojirudia kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, mwambie mfanyakazi wa treni papo hapo, na ukumbuke namba iliyoandikwa ubavuni mwa behewa, kwani kwa namba hiyo fundi hulipata behewa lenyewe usiku uleule. Kwa safari za mama yako, nenda naye mara moja kwenye stesheni ya Ryde Esplanade wakati usio na msongamano, mwonyeshe mfanyakazi kiti anachotumia, upana wake na jinsi kinavyogeuka, kisha mpatane ni mlango upi na stesheni zipi zinamfaa. Na iwapo majirani watakubali kuibadili karatasi, mtafuteni mhandisi wa mabehewa asiyeajiriwa na mwendeshaji, mwombeni afuatane nanyi kwenye kikao na mwendeshaji, na aulize yeye lile swali la bolti.